Hamu ya Udongo

Hamu ya udongo ni shauku ya kutafuna udongo, mkaa, wanga mbichi au vitu vinginevyo visivyo chakula, ambayo katika Afrika Mashariki huwashika aghalabu wanawake wajawazito. Katika masoko ya ukanda wa Ziwa Victoria, udongo huu huuzwa vipande vikavu, na mnunuzi hukinusa kipande kabla ya kutoa fedha yake, maana kinachotafutwa ni harufu ileile ya ardhi iliyoguswa na mvua ya kwanza.

Utafiti mashuhuri ni wa Sera Young, uliofanywa kisiwani Pemba na kuchapishwa mwaka 2010: katika wajawazito zaidi ya 2,300, kiasi cha asilimia 40 walikuwa na hamu za namna hii, wengi wakitafuna mchele mbichi, wachache udongo, na upungufu wa damu ukaonekana kuandamana nazo. Ama kwamba upungufu huo ndio uletao hamu, au ni udongo unaoyanasa madini ya chuma tumboni, wataalamu hawajaafikiana.

Mwongozo wa matabibu wa nafsi wa Marekani wa mwaka 2013 huihesabu hamu hii miongoni mwa maradhi ya kula, maadamu imedumu mwezi mzima wala si ada ya jamii. Sharti la busara, kwani bila yake mama angeandikiwa ugonjwa kwa jambo alilofunzwa na shangazi yake. Hata hivyo, kutokuwa ugonjwa si kukosa hatari: kuuoka udongo huua mayai ya minyoo, lakini hakuondoi madini ya risasi.