Kukusanya LEGO za Muvi Ukiwa Ndanai: Soma Hii Kabla Uchome Bonasi ya Chai

Kama ulikulia Ndanai ama center yoyote ya Sotik, muvi ulizijulia kwa kibanda cha mabati, benchi ya mbao, TV moja na sauti ya DJ Afro ikikuelezea kila ngumi. Hakuna mtu alikushow kuna wasee huko nje wanajenga hizo muvi upya kwa meza, kipande kwa kipande. Mimi niligundua nikiwa campus, kabla campus na mimi tuachane. Tangu hiyo siku nimeingia kwa hii maneno mzima mzima, na nimechomeka pia. Rada yote ndio hii.

LEGO ni kampuni ya Denmark. Ilianzishwa 1932 na fundi wa mbao anaitwa Ole Kirk Kristiansen, kwa mji mdogo wa Billund. Tofali lake la plastiki venye tunalijua leo lilisajiliwa Januari 1958, na kipande cha huo mwaka bado kinashikana na chenye kimetoka kiwandani jana. Vile vijitu vya mikono na miguu inayosonga, urefu sm 4 hivi, vilikuja 1978.

Muvi ziliingia 1999, Star Wars ikiwa ya kwanza. Harry Potter ikafuata 2001, halafu Batman, Marvel, Lord of the Rings na zingine kibao. Usidhani zilikuwa za kurembesha tu. 2003 LEGO ilikuwa imelemewa na hasara, ilibaki kidogo ifungwe, na moja ya shida ni kuwa huo mwaka hakukuwa na Star Wars wala Harry Potter mpya kwa sinema. Ndio ujue muvi na hizi tofali zimeshikana kiasi gani.

Sasa bei. Seti yenye kila mtu huota nayo ni Millennium Falcon ya 2017: vipande 7,541, na ilitoka ikiwa dola 799.99. Kwa pesa yetu hiyo ni kitu ka laki moja, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya 16%. Ukihesabu majani chai kwa shilingi 20 kilo, hizo ni tani tano na ushee zimechunwa kwa mkono, na hujalipa mchunaji. Batmobile ya muvi ya 1989 ina vipande 3,306. Hogwarts ya 2018 ina 6,020. Zote ni kali, na zote zitakufanya ulale njaa.

Kwa hivyo mimi nasema hivi, na unaeza kataa: msee wa ushago asianze na seti kubwa. Aanze na vijitu. Kijitu kimoja kinauzwa peke yake na wakusanyaji wengine, kinaingia kwa bahasha, na ukiwa nacho uko na muvi mkononi. Seti kubwa bila vijitu vyake ni nyumba haina mtu.

Na kama unataka pa kuanzia, anza na wetu. Lupita Nyong'o ako na LEGO zake. Ya kwanza ni Maz Kanata, yule mzee wa miwani kubwa wa The Force Awakens, alitoka 2016 kwa boksi inaitwa Battle on Takodana. Ya pili ni Nakia wa Black Panther, 2018, kwa seti ya Royal Talon Fighter Attack, vipande 358. Hiyo muvi ilionyeshwa Kisumu Februari 2018, masaa machache tu kutoka hapa. Mwigizaji Mkenya, mshindi wa Oscar, amekuwa toy ya kushika, na watoto wa huku hawajui. Hiyo inaniuma kuliko bei.

Ukitaka kitu kinaongea Kiswahili, kuna Simba wa Lion King, ilitoka 2024, vipande 1,445. Jina la Kiswahili kwa boksi ya Denmark. Utaisoma bila subtitles.

Venye nilichomwa

Mwaka niliacha shule, bonasi ya chai iliingia Oktoba ka kawaida. Huku kwetu huwa chini ya ile ya Mlima Kenya, hiyo kila mtu anajua. Gogo alitoa ngiri sita kwa yake, akanipatia nianzie kitu. Alikuwa anafikiria kuku. Mimi nikaona Falcon mtandaoni, "original, bei ya kutupa", elfu tano na mia tano, delivery juu yangu. Nikatuma doo kabla nione mzigo.

Ilifika kwa matatu ndani ya gunia, haina boksi. Vipande vilikuwa vinanuka ka mafuta taa. Nilijenga usiku tatu, na nikiinua mara ya kwanza ikaachana katikati, nusu ikabaki kwa meza. Muuzaji alikuwa ameshaniblock. Gogo hakunigombanisha. Aliuliza tu, "Na hii hutaga?"

Jifunzie kwangu. Kila LEGO halisi iko na neno LEGO limechorwa juu ya kila kile kinundu, dogo sana, shika kwa mwanga utaliona. Hakuna neno, hakuna LEGO. Ya pili ni mshiko: halisi zinashikana na kuachia kwa nguvu ile ile kila mara, feki zingine zinalegea na zingine unatoa na meno. Ya tatu, angalia rangi ya uso wa kijitu. Feki huwa imechapishwa upande, jicho moja linaangalia Sotik, lingine Gorgor.

Na feki sio utani wa mtaani. Kulikuwa na kampuni China inaitwa Lepin, ilikuwa inakopi seti za muvi boksi kwa boksi. Polisi wa Shanghai waliivamia 2019, na 2020 bosi wake akahukumiwa miaka sita jela. Lakini mzigo wa aina hiyo haujaisha sokoni. Sisemi usinunue tofali za bei rahisi za kuchezea mtoto, hiyo ni sawa. Shida ni kuuziwa mbuzi kwa gunia kwa bei ya ng'ombe.

Mahali pa kupata

Mpya ziko kwa maduka ya toys kwa malls za Nairobi, na bei huwa imepanda kuliko ya Marekani. Mtandaoni, soko kubwa ya vipande na vijitu ni BrickLink. Ilianza 2000, na LEGO wenyewe wakainunua 2019. Huko Nakia huuzwa peke yake, bila ndege. Malipo unaeza fanya na PayPal yenye imeunganishwa na M-Pesa, ama kadi ya Visa ya M-Pesa. Uliza usafiri kabla ulipe, juu kijitu cha dola tano kinaeza kuja na usafiri wa dola kumi na tano. Dawa ni kuodia pamoja. Tafuta wasee watatu, mchange.

Lakini siri yangu ni mitumba. Bale za toys hufunguliwa Gikosh na Toi, na zingine husukumwa hadi masoko za huku. Mama wa toys anauza kwa rundo, hajui LEGO wala nini. Mimi huinama hapo nikitafuta lile neno kwa vinundu. Utapata mkono wa Batman, kichwa cha Stormtrooper, gurudumu. Halafu uende kwa tovuti ya LEGO, karatasi za maelekezo za seti nyingi ziko hapo bure, hata za zamani. Download, angalia kipande gani kinakosa, tafuta hicho tu. Inachukua miezi. Ndio raha yake.

Ukishapata, osha na maji vuguvugu na sabuni kidogo, isiwe moto kupita digrii 40. Usianike kwa jua, nyeupe na kijivu hugeuka njano ka meno ya mvuta sigara. Anika kivulini. Na hii baridi yetu ya chai hailindi boksi ya karatasi, itashika ukungu kabla mvua ya April iishe. Weka kwa ndoo ya plastiki yenye kifuniko, mbali na jikoni ya kuni.

Kuna wenye watakuambia LEGO ni investment. Ni kweli wachumi wa Higher School of Economics, Moscow, walipiga hesabu ya seti za 1987 hadi 2015 wakapata zikishaacha kutengenezwa huongeza thamani kitu ka 11% kwa mwaka. Lakini hiyo ni bei ya soko ya huko nje, boksi haijafunguliwa. Hapa Ndanai utamuuzia nani? Kama unataka faida, nunua kuku. Gogo alikuwa sawa.

Nakia wangu alifika baada ya wiki saba, kwa bahasha imekunjwa. Nilimwambia gogo huyu ni msichana wa Nyong'o, wa Kisumu. Alimgeuza geuza mkononi, akamleta karibu na dirisha, akauliza kwa nini wazungu hawakumpatia vidole.