Samaki wa Tanganyika ndani ya kioo: maji ndiyo ya kuchunga kwanza

Ulaya na Marekani kuna watu wanaolipa pesa nyingi ili wawe na samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika sebuleni. Biashara hiyo si ya leo. Neolamprologus brichardi, samaki mwenye mkia kama mwezi mwandamo, amepewa jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akivua samaki wa mapambo upande wa Burundi na kuwasafirisha nje. Hapa kwetu samaki hao wako mlangoni: mtu wa Uvira, Baraka au Kalemie anawaona kwenye mawe ya pwani. Lakini akwariamu mpya mara mingi inaua samaki katika wiki za kwanza. Jirani atasema ni ugonjwa, mwingine atasema ni jicho baya. Mara mingi ni maji tu.

Kabla ya yote, tuelewane juu ya samaki gani. Ndakala na mukeke ni samaki wa maji wazi, wa kwenda mbali, hawafugiki ndani ya kioo cha nyumbani. Wanaofaa ni wale wa mawe na wa mchanga, kama Julidochromis, Tropheus, au Lamprologus ocellatus, yule mdogo anayelala ndani ya konokono tupu. Huyo wa konokono anaridhika na kioo cha litre 60. Tropheus wanapigana sana na wanahitaji nafasi kubwa, litre 300 na zaidi.

Maji ya ziwa letu yakoje

Maji ya Tanganyika si maji ya mto, na si maji ya bahari. Bahari iko na karibu gramu 35 za chumvi kwa kila litre. Tanganyika haifiki hata gramu moja. Kwa hiyo yule anayemwaga chumvi ya mezani ndani ya akwariamu ili «ifanane na ziwa» anapoteza chumvi yake bure na kutesa samaki. Kinachofanya Tanganyika iwe Tanganyika ni kaboneti na magnezi, ambazo sehemu kubwa zinaletwa na Ruzizi kutoka Kivu. Maji ya juu yana pH kati ya 8,6 na 9,2, joto la digri 24 hadi 28, na kaboneti ya digri 16 hadi 18 hivi kwa kipimo cha Kijerumani kinachoandikwa kwenye vifaa vya kupimia.

pH inaonyesha kama maji ni makali ya asidi au yameelekea upande wa majivu na sabuni. Saba ni katikati. Kaboneti ni kama akiba ya mfukoni: uchafu wa samaki unazalisha asidi kila siku, na kaboneti inailipa. Akiba ikiisha, pH inaanguka ghafla, hata kwa usiku mmoja. Wanaofuga matumbawe ya bahari ndani ya kioo wanahangaika na hesabu hiyohiyo, ila wao wanaongeza na kalsiamu, kwa kuwa matumbawe yanajenga mifupa yake nayo. Samaki wetu hawadai hiyo.

Amonia, adui wa kwanza

Samaki wanatoa amonia kwa matamvua, na chakula kilichobaki kinaoza na kutoa nyingine. Hapa ndipo maji ya Tanganyika yanakuwa hatari kuliko maji ya kawaida. Amonia iko na sura mbili ndani ya maji: moja haina madhara makubwa, nyingine ni sumu, na pH ndiyo inaamua ipi iwe nyingi. Kwa joto la digri 25, maji yenye pH 7 yana chini ya sehemu moja ya sumu katika kila mia ya amonia. Kwa pH 8 ni kama sehemu 5. Kwa pH 9 ni karibu 36. Uchafu uleule ambao samaki wa mtoni angeuvumilia, hapa unaua.

Dawa yake ni bakteria. Kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia hadi utakapobadilisha maji. Bakteria hao wanaishi kwenye sponji ya filtri, kwenye mawe na mchanga. Wanahitaji wiki nne hadi sita ili waongezeke vya kutosha. Kwa hiyo unajaza kioo, unawasha filtri, unatia chakula kidogo sana kioze, na unangoja bila samaki. Ukiwa na rafiki mwenye akwariamu ya zamani, mwombe kipande cha sponji yake yenye uchafu. Hiyo inafupisha safari. Kisha unaweka samaki wachache, si kundi lote siku moja.

Sponji usiioshe kwa maji ya robine. Klore inayotuliza vijidudu vya tumbo inaua pia bakteria wako. Ikamue ndani ya basani yenye maji uliyotoa kwenye kioo chenyewe, inatosha.

Na umeme ukikatika? Hii ndiyo hali yetu, hakuna haja ya kuandika kama tuko Geneva. Filtri iliyofungwa kama kopo, ikisimama saa nyingi, bakteria wake wanakosa oksijeni na kufa, na ukiiwasha tena inamwaga maji mabovu ndani ya kioo. Ifungue kwanza, mwaga maji yaliyolala humo, suuza sponji, ndipo uiwashe. Maoni yangu: kwa mtu wa kwetu, filtri ya sponji inayosukumwa na pompe ndogo ya hewa ni bora kuliko ile ya bei kali, kwani pompe hiyo inaweza kutumia batri ya plake sola. Siku ambayo hakuna umeme, usilishe samaki. Siku mbili bila kula hawafi. Amonia haingoji siku mbili.

Maji utayatoa wapi

Anayeishi kando ya Tanganyika ana bahati: maji ya ziwa lenyewe ndiyo bora. Yachote mbali na mdomo wa mto, mbali na mafuta ya boti na mbali na mifereji ya nyumba, na si siku ya mvua kubwa. Bidoni iwe ya kazi hiyo tu, isiwe iliwahi kubeba mafuta au dawa ya shamba, na isioshwe kwa sabuni. Wala usiitumie tena kwa maji ya kunywa. Pwani zetu zinajua kolera. Kwa sababu hiyo pia, usivute bomba la kutolea maji kwa mdomo: lijaze maji kwanza, ziba kwa kidole gumba, kisha uliachilie chini.

Bukavu na Goma, maji ya Kivu yana pH karibu 9 na chumvi-chumvi zaidi ya Tanganyika. Unaweza kuyachanganya nusu kwa nusu na maji laini, ukapima. Maji ya mvua ni laini, hayana akiba ya kaboneti kabisa. Goma angalia zaidi: moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira unatia asidi ndani ya mvua, mabati yetu yanajua.

Maji ya robine yaache wazi ndani ya ndoo siku nzima ili klore itoke. Yakiwa laini, ongeza bikaboneti ya sodi: kijiko kidogo kimoja, gramu 5 hivi, ndani ya litre 50 kinapandisha kaboneti kwa digri 3 na kidogo. Salfeti ya magnezi inayouzwa farmasi, kiasi hichohicho, inaongeza ugumu wa digri 2 hivi. Hamira na poda ya keki si bikaboneti, msidanganyike na paketi. Changanya ndani ya ndoo kwanza, usimwage unga juu ya samaki. Kwa kila wiki badilisha sehemu 10 hadi 20 kwa mia, kwa maji yenye joto na pH ileile. pH ya 8,3 isiyotikisika ni salama kuliko 9 ya leo na 7,5 ya kesho.

Safari ya mfuko

Wengi wanapoteza samaki siku ya kuwaleta, kwa mfano kutoka Uvira kupanda Bukavu. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi ya samaki inashusha pH. Amonia inaongezeka, lakini kwa pH hiyo ya chini inakaa katika sura isiyo kali. Ukifungua mfuko, ile pumzi inatoka, pH inapanda, na sehemu kubwa zaidi ya amonia inageuka sumu ndani ya dakika chache. Kwa hiyo usiache mfuko wazi huku ukidondosha maji pole pole saa nzima. Uelee ukiwa umefungwa, dakika 20 hivi, joto lilingane. Kisha fungua, nasa samaki kwa wavu mara moja, na maji ya mfuko uyamwage nje. Wasilishwe siku moja kabla ya safari.

Bukavu iko juu, karibu metre 1.500, na usiku kuna baridi. Bila kifaa cha kupasha maji joto, samaki wa Tanganyika watadhoofika.

Asiye na vipimo vya matone atazame samaki wenyewe: wakipumua haraka, wakikaa juu ya maji midomo wazi, au matamvua yakiwa mekundu sana, toa theluthi ya maji leo hii, weka mengine ya aina ileile, na usilishe hadi kesho. Na ukichoka kufuga, wape mfugaji mwingine. Usiwamwage Kivu. Sambaza tunazokula Bukavu zililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na hizo zilipangwa na watu wa kazi hiyo. Samaki wa kioo chako hajapangwa na mtu.