Somo la Historia: Siku Bahari Ilipovunja Desturi Yake

Ninyi mnaokaa Mikocheni mnaijua pwani. Siku za mapumziko vijana hushuka kuogelea Msasani, Kawe, au Oyster Bay penye miamba mikali. Ni mchezo mzuri, wenye kuupa mwili nguvu. Lakini mwogeleaji hodari hujua kuisoma bahari, kama ninyi mnavyojifunza kusoma kitabu.

Kwanza tukumbuke desturi ya bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kujaa mpaka kupwa ni saa zipatazo 6. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua. Hapo tofauti ya maji katika Dar es Salaam hupita meta 3. Mwamba uliosimama juu yake asubuhi, jioni umezama. Basi ulizeni wavuvi saa za maji kabla ya kuingia.

Sasa sikilizeni habari ya siku bahari ilipovunja desturi. Ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Desemba, 2004, siku ya pili ya Krismasi. Karibu saa 10 alfajiri, kwa saa zetu, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, nchi ya Indonesia. Maji yalisukumwa, yakawa mawimbi makubwa yaitwayo tsunami, yakavuka Bahari ya Hindi. Kwetu yalifika mchana, baada ya zaidi ya saa 8. Watu walikuwa pwani wakila sikukuu. Katika Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, na wengi wao walikuwa wakiogelea. Huko Kenya polisi waliwaondoa watu pwani baada ya kupata habari. Alikufa mtu mmoja.

Fikirini jambo hili. Wimbi lilisafiri saa 8, na habari huweza kufika kwa dakika moja. Watu wetu waliingia majini bila habari.

Kuna kisiwa kingine cha Indonesia kiitwacho Simeulue, karibu sana na tetemeko lile. Mwaka 1907 tsunami iliua watu wengi huko. Tangu hapo wazee waliwasimulia watoto: nchi ikitetemeka na bahari ikikimbia, pandeni mlimani. Mwaka 2004 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 70,000. Walikumbuka, wakakimbia. Walikufa 7 tu. Hawakuwa na mitambo. Walikuwa na historia.

Nasi tufanye hivyo. Ukiona maji yanakupwa kwa dakika chache badala ya saa 6, usiende kuokota samaki. Toka, waite wenzako, kimbilieni mahali pa juu. Msirudi upesi, kwa maana wimbi la pili laweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Na kabla ya kwenda pwani, sikilizeni redioni matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya darasa:
1. Bamvua huja lini?
2. Kwa nini watu wa Simeulue walipona?
3. Leo jioni utamsimulia nani nyumbani habari hii?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.