Kikopo cha mkojo: kinamuuliza nani, kinamjibu nani?

Katika vituo vya afya vya Katuba, Lubumbashi, kikopo cha mkojo kina kazi ambazo kila mama anazijua: kupima mimba, kuangalia sukari, kutafuta maambukizi. Huko Marekani kina kazi nyingine. Mgonjwa anayeandikiwa morfini au oksikodoni kwa maumivu ya muda mrefu hutakiwa atoe mkojo, nao hupimwa kwa maswali mawili: je, dawa aliyoandikiwa imo? Na je, imo nyingine ambayo hakuandikiwa? Swali la kwanza linatafuta kujua kama anaitumia au anaiuza.

Desturi hiyo ilianza taratibu. Katika miaka ya 1960, jijini New York, madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuwatibu watumiaji wa heroini kwa methadoni, na mkojo ukawa njia ya kujua nani ameacha. Lakini aliyekieneza kipimo ni jeshi. Mwezi Juni 1971, askari wengi wa Marekani walioko Vietnam wakiwa wamenaswa na heroini, serikali ya Rais Richard Nixon iliamua kwamba askari apimwe mkojo kabla ya kurudi nyumbani. Aliyekutwa na dawa alibakizwa kwanza asafishwe mwili.

Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni OxyContin, vidonge vya oksikodoni vilivyonadiwa kuwa salama kuliko vilivyokuwa. Uraibu na vifo vikafuata, na hofu ikahamia katika kliniki za maumivu. Mwaka 2016 kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilishauri mgonjwa apimwe mkojo kabla ya kuanza dawa hizo, kisha daktari afikirie kumpima tena angalau mara moja kwa mwaka. Wakati huo biashara ilikwishanusa faida. Mwaka 2015 kampuni ya maabara ya Millennium Health ilikubali kulipa dola milioni 256 ili kumaliza madai, yakiwemo ya kuitoza serikali kwa vipimo vya mkojo visivyo vya lazima.

Kipimo chenyewe kinahitaji msomaji makini. Kwenye kile cha haraka, mistari miwili maana yake dawa haimo, na mmoja maana yake huenda imo: kinyume kabisa cha kipimo cha mimba. Kinachotafuta afyuni hunasa morfini na kodeini, lakini tramadoli na fentanili hupita bila kuonekana, mpaka kitumike kipimo chao maalumu. Aliyemeza kodeini anaweza kukutwa na morfini, kwa kuwa ini huigeuza sehemu yake. Hata antibiotiki kama levofloxacin na ofloxacin zimewahi kuvidanganya baadhi ya vipimo. Bila maabara kubwa ya kuhakikisha, mstari mmoja tu unaweza kumtia mgonjwa hatiani bila kosa.

Afrika Mashariki nayo imekutana na kikopo hiki. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, ambao hunywa dozi yao mbele ya mhudumu. Huko mkojo husaidia kuthibitisha kwamba anayeanza tiba kweli anatumia heroini, asije akapewa dawa kali mtu asiyeihitaji.

Kwa wagonjwa wa maumivu, Uganda ilipita njia tofauti. Kuanzia 1993, daktari Anne Merriman na Hospice Africa Uganda walileta morfini ya maji ya kunywa kwa wagonjwa wa kansa na UKIMWI, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Waliitanguliza dawa.

Lubumbashi ina historia yake ya mkojo. Tanuri za shaba za Union Minière, baadaye Gécamines, zilianza kuwaka mwaka 1911. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodini au kwenye tanuri walikuwa na kobalti, risasi na urani zaidi ya waliokaa kilomita 400 mbali. Kiwango cha kobalti kilikuwa kikubwa kuliko chochote kilichowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Hapo mkojo haukuulizwa siri ya mtu. Uliulizwa habari za mgodi, ukajibu.

Katika kliniki za maumivu, kipimo kimebeba shaka ya kambi ya jeshi. Sisi shida yetu ni nyingine. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilionyesha kwamba katika tani karibu 299 za dawa za jamii ya afyuni zilizokuwa zikigawanywa duniani kila mwaka, nchi maskini, Kongo ikiwemo, zilipata tani 0.1 tu. Wakuu wa afya wa mkoa wetu wa Haut-Katanga waanze na hilo: morfini imfikie kwanza mgonjwa wa kansa wa Katuba. Kikopo kikija baadaye, kimsaidie daktari kumtibu, na kisiwe sababu ya kumfukuza.