Daka, ushoroba na korido

Fundi akikujengea nyumba leo, njia ya kuingilia ataiita korido. Kamusi inalo neno ushoroba, yaani njia nyembamba, lakini magazeti yamelipeleka porini: shoroba sasa ni za tembo. Ukimwambia mgeni avue viatu ushorobani, atakushangaa.

Lamu wana neno zuri zaidi: daka. Ndicho kibaraza chenye paa mbele ya mlango wa nyumba ya mawe, na viti vyake vya mawe vimejengwa kandokando. Mwenye nyumba humkaribisha hapo mgeni wa kiume, wakazungumza bila wa ndani kusumbuka. Ukivuka mlango upo tekani, ukumbi mdogo wenye kona, hivyo mpita njia haoni kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu. Ukaribisho na stara, vyote kwa ukuta mmoja uliopindwa!

Udogo wa daka ni kidaka, wingi wake kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ni zidaka: vishubaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za Kichina. (Kidaka cha kooni tuwaachie madaktari.)

Basi wewe mwenye korido ya futi nne, usiibane kwa kabati. Weka benchi fupi la kukalia mtu akivua viatu, kapu la viatu chini yake, taa ya mwanga wa manjano, na kishubaka kimoja cha funguo. Kisha iite daka. Jina halina kodi.