Kuhesabu Wasioonekana

Mwanahisabati Pierre-Simon Laplace alitaka kujua Ufaransa ina watu wangapi bila kupiga hodi kila nyumba. Aliishawishi serikali ichague maeneo machache katika mikoa 30, na Septemba 22, 1802 wakazi wa maeneo hayo wakahesabiwa: 2,037,615. Madaftari ya vizazi ya miaka mitatu iliyotangulia yalionyesha kwamba huko walikuwa wakizaliwa watoto wapatao 71,866 kwa mwaka. Kwa hiyo kila kizazi kimoja kiliwakilisha watu 28 na ushei. Nchi nzima ikipata vizazi milioni moja kwa mwaka, basi ina watu zaidi ya milioni 28. Laplace hakuishia hapo. Alikokotoa pia ni kwa kiasi gani hesabu yake ingeweza kupotoka, na hilo ndilo somo ambalo wapangaji wengi wa afya hulisahau hadi leo.

Karibu miaka mia baadaye, mwanabiolojia wa Denmark, C. G. Johannes Petersen, aliwatia alama samaki bapa wa Limfjord na kuwarudisha majini. Mwaka 1930 Frederick Lincoln wa Marekani akatumia fikra hiyohiyo kwa bata wa porini waliovishwa pete miguuni. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Samaki 200 wakitiwa alama na kuachiwa, kisha wakavuliwa wengine 200 na 40 kati yao wakaonekana na alama, maana yake mtego wa kwanza ulinasa moja ya tano ya wote. Majini mna kama 1,000.

Kanuni hiyo iliwafikia binadamu kwa njia ya Singur, mashambani karibu na Kolkata, India. Wanatakwimu C. Chandra Sekar na W. Edwards Deming, katika makala yao ya mwaka 1949, walichukua orodha mbili za vizazi na vifo: ya msajili wa serikali, na ya wadadisi waliopita nyumba kwa nyumba. Waliopatikana katika orodha zote mbili walikuwa kama samaki wenye alama. Lakini wataalamu hao wakaona hatari ambayo wavuvi hawakuihofia sana. Mtoto aliyefariki siku chache baada ya kuzaliwa, katika familia fukara iliyo mbali na ofisi, anaweza kukosekana kwa msajili na asitajwe hata mlangoni. Akikosekana kotekote kwa sababu ileile, hesabu hutoka ndogo kuliko ukweli. Dawa yao ilikuwa kuwagawa watu katika makundi madogo yanayofanana, na kukadiria kila kundi peke yake.

UKIMWI uliifanya hatari hiyo kuwa kubwa maradufu. Sasa waliotafutwa walikuwa watu wenye kila sababu ya kujificha: wanaouza miili, wanaume wanaojamiiana na wanaume, vijana wanaojidunga unga. Sheria inawakamata, majirani wanawanyanyapaa, na katika dodoso la kawaida la kaya hakuna atakayejitaja. Wizara isiyojua kama ni mia tano au elfu tano haiwezi kuagiza kondomu, sindano safi wala dawa kwa kiasi kinachostahili; na pasipo takwimu ni rahisi mno kudai kwamba watu hao hawapo.

Mombasa ilithibitisha kwamba wapo. Waelimishaji rika, watu wa mtandao uleule, walikwenda kwenye vijiwe vinavyojulikana, wakahesabu, kisha wakarudi kuhesabu tena, wakiangalia ni nani walihesabiwa mara zote mbili. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2007 yalikuwa wanaume 739 wanaouza ngono kwa wanaume ndani na kandokando ya mji. Bila waelimishaji hao hesabu isingepatikana. Polisi wakipita kijiweni kati ya raundi ya kwanza na ya pili, wengi wa waliohesabiwa mwanzo hutawanyika, wanaoonekana tena hupungua, na mtafiti anayetazama karatasi tu atadhani waliofichika ni wengi kuliko walivyo.

Njia nyingine ilitoka Connecticut, ambako Douglas Heckathorn, katika makala ya mwaka 1997, alieleza jinsi watumiaji wa dawa za kulevya walivyopewa kuponi chache za kuwapa wenzao. Kila mmoja alipata malipo kidogo kwa kushiriki na kwa kila mwenzake aliyejitokeza, na mnyororo ukafika maskani ambazo mtafiti asingeruhusiwa kuzikanyaga. Zanzibar iliitumia. Wakati maambukizi ya VVU visiwani yakiwa chini ya asilimia 1, utafiti wa mwaka 2007 ulikuta takriban asilimia 16 miongoni mwa waliojidunga. Wastani wa nchi ulikuwa umewafunika kabisa.

Rwanda, mwaka 2011, ilikwenda nyumbani kwa watu wa kawaida na kuwauliza wanafahamu watu wangapi wa makundi hayo. Waliohojiwa waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi waliulizwa kuhusu kila wanayemfahamu, na baadhi kuhusu wale tu waliokula au kunywa nao katika miezi 12 iliyopita. Waliokula pamoja ni wachache zaidi, lakini habari zao hufahamika vizuri zaidi, na kipimo cha mlo ndicho kilichokaribia ukweli. Watafiti wangetegemea wingi wa majina tu, wangekosa jambo ambalo mtu yeyote wa kijijini analijua.

Nchini Kenya, hofu ya kuorodheshwa ilifika mahakamani. Februari 2015 agizo la rais lilitaka zikusanywe takwimu za wanafunzi wote wanaoishi na VVU, walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Shirika la KELIN, linalotetea haki za afya, na wenzake wakafungua kesi, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilivunja haki ya faragha. Iliamuru pia majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa misimbo. Katika miaka hiyohiyo ukaletwa mpango wa utafiti wa kitaifa ambao ungechukua alama za vidole za makundi yaliyofichika, ili mtu asihesabiwe mara mbili. Vikundi vya walengwa vilikataa, vikieleza kwamba kumbukumbu ya alama hizo ikiangukia mikononi mwa polisi ingekuwa orodha ya kukamatia. Alama za vidole zikaondolewa kwenye mpango.