Doti Ngapi, au Doti Gani?



Msimu wa harusi ukifika, watu huuliza sanduku lina doti ngapi. Mabibi zetu wa karne ya 19 wangeuliza kwanza ni doti ya nini. Wakati huo doti kilikuwa kipimo: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, karibu yadi 4. Na kitambaa kilichopimwa zaidi ni merikani, pamba isiyopaushwa iliyofumwa Massachusetts.

Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Majahazi ya Salem yakashusha merikani Unguja, yakapakia pembe za ndovu na sandarusi. Misafara ikaipeleka bara, nako ikawa kama fedha: ndiyo iliyonunua chakula, ndiyo iliyolipa hongo njiani. Wanunuzi wa bara hawakudanganyika kwa urahisi. Walitaka nguo nzito, inayostahimili kufuliwa na kuvaliwa kila siku, na Waingereza walioleta vitambaa vya kuigiza waliona taabu kuviuza. Iliyokuja kuikata njia merikani ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Pamba ikaadimika, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua nafasi. Jina lilibaki, hata nguo ilipokuwa ya Kihindi!

Kwa dada zetu wa Suma, huko Rungwe kwenye migomba na chai, habari ilikuwa nyingine. Kabla ya nguo za pamba kuenea milimani, Wanyakyusa walijifunga nguo za magome ya miti. Gome hubanduliwa, likapondwa mpaka likalainika. Nguo ya namna hiyo huwezi kujaza sanduku zima, maana kila moja ni mti na jasho la mtu. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kadiri miaka ilivyopita kitambaa cha dukani kikashika nafasi ya gome.

Lakini merikani tusiisifu kupita kiasi. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na hapa Unguja waliovaa merikani na kaniki wengi wao walikuwa watumwa. Nguo imara, pamba tupu, na dhuluma ndani yake. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliiacha kaniki wakajifunga kanga. Sisi tunaouliza kama chakula ni halali na kizuri tuna haki ya kuuliza pia nguo imetoka mikononi mwa nani.

Na jibu liko karibu. Meatu, mkoani Simiyu, wakulima wa bioRe wanalima pamba ya kilimo hai tangu 1994, bila dawa za viwandani wala mbolea za chumvichumvi. Kinachotusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa kabla ya kusokotwa, na doti utakayoikuta Darajani huenda ikawa ya poliesta kutoka ng'ambo.

Kwa sanduku la bibi harusi, sisi tungechukua doti sita za pamba nzito kuliko ishirini za poliesta. Kanga ya poliesta hainywi jasho, mtoto mgongoni huteleza, na ile nyepesi inayoonyesha mwili haifai kusalia mpaka uvae kitu ndani. Bwana harusi naye hatakopa kwa ajili ya hesabu ya majirani.

Ukiwa na shaka na kanga uliyonunua, chomoa uzi mmoja pindoni, uushike kwa koleo juu ya sahani, uuchome. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikaganda kama shanga ngumu nyeusi.